Konsuli Anasemaje

Watu wasiofuga sungura hudhani sungura ni bubu. Folke Hedrén naye alidhani hivyo mpaka akatimiza miaka sitini na tisa, ndipo mjukuu wake wa kike alipomletea jike mmoja mweusi aitwaye Majken. "Wiki mbili tu, babu," alisema, akaenda zake chuoni, na wiki mbili hizo sasa zina mwaka na nusu.

Folke alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji hapa Björkneset, kaskazini mwa Uswidi, miaka thelathini na minne. Kazi ile ilimwachia vitu viwili: sikio na sauti. Sikio, kwa sababu aliweza kusinzia kitini halafu akazinduka mara tu beringi moja ya injini inapoanza kulalamika. Sauti, kwa sababu ndani ya gari lile alizoea kujisemesha kwa kupayuka asizidiwe na injini, na alipostaafu aliondoka na sauti ileile. Marehemu mkewe, Maj-Britt, alikuwa akimwambia, "Folke, niko hapa mezani, siko Norwe." Tangu mama huyo atutoke, miaka sita iliyopita, Folke alikuwa akishindana na redio.

Majken ndiye aliyempeleka kwenye klabu. Sisi huku tuna klabu ya kila kitu, na ya sungura ina wanachama wengi kuliko kwaya ya kanisa. Kila Jumanne watu wazima na akili zao hukutana kwenye ukumbi wa michezo wa shule, wanawavisha sungura mikanda kifuani, wanawarukisha viunzi, kisha wanakunywa kahawa. Anayecheka na acheke.

Mtu mkubwa wa klabu hiyo ni Ingegerd Sundvall, mkutubi mstaafu, mjane, mwanamke mwembamba mwenye maneno machache na yote yametimia. Yeye ndiye mkalimani wetu. Mtu akisikia sungura wake anatoa sauti asiyoielewa, humpigia Ingegerd na kusogeza simu kibandani. "Anasaga meno polepole, na mkono wako uko kichwani pake? Hiyo ni raha, endelea kumpapasa," atasema. Au: "Anasaga kwa nguvu, tena kajikunja pembeni? Hayo ni maumivu. Tumbo limefunga. Mpeleke kwa daktari sasa hivi, usivae hata koti." Sungura watatu wako hai leo kwa sababu ya lile koti lisilovaliwa. Kila vuli yeye hutoa mafunzo kwa wageni, jioni nne, na karatasi ya sauti zote pamoja na maana zake.

Folke alijiunga Januari, mafunzo yamekwisha. Aliomba ile karatasi. "Zimekwisha," Ingegerd akamwambia. Aliomba tena Februari. Zilikuwa bado zimekwisha. Folke hakujiuliza ni mkutubi gani anayeishiwa karatasi.

Lakini alikaribishwa kahawa. Alhamisi ya kwanza ikazaa ya pili, na ya pili ikazaa desturi. Folke alikuwa akivua viatu mlangoni, anaingia na soksi zake za sufu, anakaa jikoni, anasimulia dhoruba ya mwaka themanini na tano kama anamsimulia mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Ingegerd alikuwa akimimina kahawa na kusikiliza. Na kila mara, kabla kikombe cha kwanza hakijaisha, Konsuli alikuwa akitokea. Konsuli ni dume la Ingegerd, la kijivu, kubwa, lenye ngozi ya kidevu iliyoning'inia. Aliizunguka miguu ya Folke mara mbili, tatu, kumi, huku akivuma kwa ndani: hm-hm-hm-hm.

"Anasemaje?" Folke aliuliza ile Alhamisi ya kwanza.

Ingegerd aliweka birika mezani, akalisogeza kidogo, akalirudisha palepale. "Anakutukana."

"Mimi? Nimemfanya nini? Matusi gani?"

"Ya nguoni."

Folke alicheka siku ile, ila kadiri miezi ilivyokwenda kicheko kilimkauka. Alimletea Konsuli kotimiri. Konsuli aliila, kisha akarudi kuzunguka na kuvuma. Akabadilisha sabuni. Akajaribu kukaa kiti kingine. Matusi yalizidi. Kilichomchanganya zaidi ni kwamba sikio lake lilikataa. Injini yenye hasira aliijua, na ile haikuwa hiyo; ile ilikuwa injini iliyopashwa moto vizuri na inasubiri kuondoka. Lakini yeye ni nani mbele ya Ingegerd Sundvall? Akalinyamazisha sikio lake, akaamini alichoambiwa.

Jambo lingebaki kuwa mzaha kama si Torkel, mwanawe, kupiga simu kutoka Göteborg, huko mbali kusini. Kimepatikana chumba na sebule, ghorofa ya tatu, karibu na kwake, baba ahamie huko. "Baba, nafasi hizi hazingojei mtu. Nipe jibu Jumapili saa sita."

Folke hakutaka ghorofa ya tatu. Alitaka sababu moja tu ya kukataa, na sababu hiyo ilikuwa ikimmiminia kahawa kila Alhamisi. Ukweli ni kwamba alikuwa anampenda mama yule mpaka usingizi unamruka, na kwa umri wake aliona haya kulitamka. Kwa hiyo alizunguka mbuyu, kwa kadiri mtu mwenye sauti ile anavyoweza.

"Hivi, Inge, nyumba kama hii," alisema, "sungura wawili si wangeenea? Na mtu mmoja wa ziada?"

Ingegerd aligeukia dirisha. "Hapa mwenye kauli ni Konsuli," akasema. "Na yeye umemsikia mwenyewe."

Konsuli alikuwa chini ya meza, hm-hm-hm, anamalizia mzunguko wa saba. Folke alikwenda nyumbani akashusha masanduku kutoka darini.

Jumamosi yake yalikuwa mashindano ya majira ya kuchipua. Folke alikwenda kuwaaga watu, ingawa hakuwa amemwambia yeyote kwamba anaaga. Sakafu ya ukumbi ule haikanyagwi na viatu vya nje, kwa hiyo watu sitini walikuwa wamesimama na soksi zao. Konsuli akaitwa. Aliruka kiunzi cha kwanza, cha pili, kisha akasimama wima, akanusa hewa, akamchomoka Ingegerd na kumwachia kamba, akakatiza uwanja mzima moja kwa moja mpaka miguuni pa Folke. Akaanza kuzunguka. Ukumbi ulikuwa kimya, na watu wote waliisikia ile hm-hm-hm.

"Jamani!" Gun-Marie, katibu wa klabu, alipiga kelele kutoka meza ya mikate ya mdalasini. "Njooni muone! Folke anachumbiwa!"

Watu wakaangua kicheko. Folke akawa mwekundu. "Msinicheke, bwana. Ananitukana. Miezi minne sasa."

"Anakutukana nini? Dume likizunguka miguu na kuvuma hivyo, limependa. Hizo soksi si unavaa ukimpakata Majken? Harufu ya jike hiyo, mzee, wewe kwake ni bibi harusi! Hata mtoto wa mafunzo ya kwanza anajua."

"Ingegerd ndiye aliyeniambia ni matusi."

"Inge?" Gun-Marie akacheka tena. "Inge ndiye aliyetufundisha! Ni sauti ya tatu kwenye kara..."

Hakumalizia neno. Vichwa sitini viligeuka kumtazama Ingegerd, kisha, kwa kuwa sisi ni watu wenye adabu zetu, vyote vikageuka kutazama mikate. Ingegerd alikuwa amesimama katikati ya viunzi, kamba tupu mkononi, uso umemwiva mpaka masikioni. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia mbele za watu.

Folke ndiye aliyemrudisha nyumbani kwa gari, maana ndiye aliyemleta. Walipofika mbele ya nyumba yake, Ingegerd hakushuka. Konsuli alikuwa kwenye kikapu chake kiti cha nyuma.

"Kwa nini, Inge?"

"Mume wangu Sture alikuwa mtu mwema," alisema, akitazama mbele. "Ila alikuwa anaongea, Folke. Toka anafumbua macho. Alipokufa nililia mwaka mzima. Halafu asubuhi moja nimempakata sungura, nikasikia anasaga meno. Nilikuwa nimefuga sungura miaka ishirini, na sauti ile sikuwahi kuisikia. Nyumba haikuwa na nafasi yake." Akafuta pua. "Kuanzia hapo nikasikia vyote. Ndicho hiki watu wanachokiita kipaji. Halafu ukaja wewe na lisauti lako hilo. Na ukawa unanifurahisha! Kuanzia Jumanne naingojea Alhamisi. Nilijua ukiniuliza nitakubali, na nikikubali nitakuwa kiziwi tena mpaka nizikwe. Nikamsingizia mnyama. Nimeona aibu, Folke. Nimeona aibu sana."

Folke alikuwa na majibu kama kumi hivi. Yalimjaa mdomoni yote kwa pamoja, kila moja linasukuma lingine. Akayameza. Akazima injini, akaweka mikono mapajani, akanyamaza. Zikapita dakika tano, zikapita kumi, na kwake kila moja ilikuwa na uzito wa gogo. Mahali fulani katika ile ya kumi na mbili akainua kidole kimoja. Ingegerd akasikiliza. Kikapuni Konsuli alikuwa anasaga meno, polepole, kwa raha zake. Folke ndiye aliyemsikia kwanza.

Wakaendelea kukaa. Mwishowe Ingegerd ndiye aliyeshindwa.

"Umekasirika?"

Folke akatikisa kichwa.

"Basi sema kitu, jamani. Wewe ukinyamaza unatisha."

"Naogopa nikianza utanishusha."

"Gari ni lako, Folke."

Akacheka Ingegerd kwanza, kisha wote wawili, mpaka Konsuli akapiga kishindo cha mguu huko nyuma na kuwatuliza. Ingegerd alifungua mlango, akaweka mguu mmoja nje, akabaki hivyo.

"Kesho mpigie Torkel simu ukiwa hapa kwangu," alisema. "Njoo na Majken. Na mkutano wa kunyamaza tutaufanya kila siku, nusu saa, baada ya chakula cha mchana. Unakubali?"

Watu wa kaskazini, jambo likiwa zito, hatusemi ndiyo. Tunavuta pumzi tu kidogo katikati ya midomo, kama mtu anayeonja chai ya moto, na anayetufahamu anajua kwamba tumekubali. Folke hakuwahi kuitikia hivyo maishani mwake; ndiyo zake zote alikuwa amezipayuka. Siku hiyo alivuta pumzi.

Ingegerd aliisikia.