Mkono wa Kushoto wa Mama

Ndevu ziliniota kidevuni nikiwa msichana wa kidato cha pili. Hazikuwa nyingi, lakini wanafunzi wenzangu pale Butiama waliziona, wakaniita beberu mpaka nikagoma kwenda shule. Mama hakunifokea. Aliinjika sufuria kwenye jiko la mkaa, akatia sukari, maji kidogo na ndimu tatu, akakoroga mpaka ikawa na rangi ya asali. Ilipopoa kiasi, kabla hajanigusa, alijipaka mwenyewe mkono wa kushoto, akabandika kipande cha kitambaa, akavuta, vinyweleo vikang'oka nacho.

"Haichomi," akasema. "Haya, lete kidevu."

Tangu siku hiyo kila sufuria ilipita kwanza kwenye mkono ule. Ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga, ukiacha makovu mawili matatu ya siku sukari ilipozidi moto.

Walianza kuja wasichana wa shule, wakafuata mabibi harusi, kisha wenye saluni. Tukaanza kujaza kwenye makopo. Nikahamia Musoma, nikapanga fremu ya duka karibu na soko la Mwigobero. Wanawake wa dagaa wakimaliza kuuza walikuja kwangu na harufu yao ya ziwa, wanacheka, wananyoosha videvu. Bunda wakaagiza kwa katoni. Nikachapisha lebo, nikanunua kipimajoto. Nikajiona nimefika, mjinga mimi!

Mama alikuwa anakuja kila Jumatano kupika. Jumatano moja walikuja wateja wa maana, wenye saluni kubwa huko Bunda. Mama akatoka jikoni na mwiko, akakunja mkono wa gauni, akajipaka mbele yao, akavuta.

"Mimi nilikuwaga napima hivi hivi tangu zamani," akawaambia kwa furaha.

Wale wakatazamana. Uso ukaniwaka. Walipoondoka tu nikamgeukia: "Mama, unanitia aibu. Siku hizi kuna kipimo. Nenda nyumbani ukapumzike."

Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti. "Sawa, mwanangu." Bora hata angenitukana! Hakuja tena kupika.

Simu alipiga, na kila mara aliuliza swali lilelile: "Umejipaka kwanza?"

"Mama, kipimo kipo."

"Haya."

Halafu akaugua. Nilimkuta hospitalini Musoma, dripu mkono wa kulia, wa kushoto umelala juu ya shuka. Ulikuwa umeota nywele. Nyingi, nyingine nyeupe, na mimi mtu mzima ndiyo kwanza naziona. Akaona ninachotazama.

"Zimeota," akasema. "Si kazi iliisha."

Nilitamani ardhi inimeze. Badala ya kuomba msamaha nikasema: kesho nitapika, nitakuletea, unipimie. Jamani, alivyofurahi! Aliinua kichwa kwenye mto ili aniambie nisizidishe ndimu.

Nilipika alfajiri. Sijafunga kopo vizuri, Bunda wakapiga simu: kuna harusi na mzigo umewaishia. Nikajiambia naenda mara moja, nikirudi nitapitia hospitali. Mara moja! Nilikuwa njiani narudi, kopo la mama liko mapajani, mama mdogo aliyekuwa anamuuguza aliponipigia. Alilia tu, nikajua.

Tulimzika Butiama. Kipimajoto sikitumii tena. Najipaka mwenyewe kila sufuria, na ikiniunguza nasema stahili yangu. Lile kopo liko kabatini, sukari imeganda, siwezi kuliuza wala kulitupa.

Ningeweza labda kuvumilia, kama mama mdogo asingenisimulia siku ile ilivyokwenda. Anasema mama aliamka akaomba akunjiwe mkono wa kushoto wa gauni mpaka kiwikoni. Kulikuwa na baridi, nesi akataka kuushusha, mama akakataa.

"Uacheni," akasema. "Mwanangu anakuja."