Wimbo Nisiousikia

Mkuu wetu wa maabara alikuwa mzee kutoka Welisi, mtaalamu wa maji ya ziwani. Asubuhi tulipima sampuli bila mengi ya kusema. Saa ya chakula alitoa filimbi yake ya mbao akapiga nyimbo za kwao, na wenzetu wakafunga milango yao. Mimi wangu niliuacha wazi.

Mama yangu alipofariki huko Kisii, karatasi zangu za uhamiaji zilikuwa hazijakamilika. Ningetoka Marekani, nisingeweza kurudi kwa watoto wangu. Basi matanga tukayafanya nyumbani kwangu, mjini Fridley, pamoja na waumini wa kanisa letu, Wakenya na Wakongo. Mzee akaja, theluji mabegani, akakaa karibu na mlango. Maombi yalipokwisha akaniuliza, "Naweza kumpigia mama yako wimbo?"

Akatoa filimbi yake, akapiga taratibu. Mama mmoja Mkongo aliyekaa kando yangu akaninong'oneza, "Wimbo huu unasema nini?"

"Sijui, mama."

"Ni wa kilio," akasema, machozi yakimtoka. Nami, ambaye tangu ile simu ya msiba kutoka nyumbani sikuwa nimetoa hata chozi, nikalia mpaka wakanishika.

Miaka michache baadaye mapafu ya mzee yakaanza kushindwa, akaacha kazi. Nilipokwenda kumwona, mkewe alinipokea mlangoni akasema, "Hapigi tena." Nilimkuta kitini, mpira wa oksijeni puani, filimbi mapajani. Tuliongea kidogo habari za maabara. Kisha akaiinua filimbi mdomoni. Hakupuliza. Vidole tu vilitembea juu ya matundu, amefumba macho, mpaka wimbo ukaisha.

"Huo alinifundisha baba," akasema. "Wanangu hawakuutaka."

"Nifundishe mimi basi."

Akajaribu kuuimba kwa sauti ya chini. Kikohozi kikamkamata kabla hajamaliza hata mstari mmoja, kikamkunja. Mkewe akaja mbio akaniomba nimwache apumzike. Nikavaa koti.

Alifariki kabla barafu ya ziwani haijayeyuka. Kwenye mazishi wanawe, waliokuja kutoka mji wa Lakeville, walisoma Biblia kwa Kiingereza, na kinanda kikapiga nyimbo ambazo kila mtu alizijua.

Tangu hapo, nikiwa jikoni napika, husikiliza nyimbo za Welisi kwenye simu, moja baada ya nyingine. Huenda wimbo wake nimeshaupita bila kuutambua. Sina namna ya kujua.