Mfumo Usiojua Shikamoo

Sijamsamehe na sina mpango huo. Naliweka hilo wazi mapema, asije mtu akangoja huruma yangu mwishoni.

Nilikuwa nasoma shahada ya ualimu kwa mtandao, nimeolewa Basotu. Chuo kilikuwa kimeleta mfumo mpya wa mitihani. Unakaa mbele ya kompyuta, kamera inakutazama, na ukiinuka au ukiongea na mtu unawekewa alama nyekundu. Mhadhiri wetu aliusifia kama mtu anayeuza ng'ombe mnadani.

Mtihani niliufanyia sebuleni kwa wakwe, maana chumbani kwetu mtandao haushiki. Nikiwa kwenye swali la mwisho, baba mkwe akaingia kutoka malishoni. Nikasimama. Sikufikiri, miguu ilisimama yenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Yule ndama amenyonya?"

"Amenyonya, baba."

Akapita kwenda kunawa. Nikakaa, nikamaliza insha yangu.

Matokeo yalipotoka, nilikuwa nimefutiwa mtihani kwa udanganyifu. Nilisafiri hadi chuoni nikamweleza mhadhiri. Naye si mgeni, ni mtoto wa Mbulu, amelelewa na wakulima, watu wa kanisa, kule juu milimani. Anajua vizuri kwamba mke wa mtu hawezi kubaki kwenye kiti baba mkwe akiingia. Nilimwomba asikilize rekodi, asikie tulichoongea. Hakuifungua.

"Mfumo haujui shikamoo," akasema. Wenzake ofisini wakacheka, na yeye akacheka.

Nilirudia mwaka mzima. Lakini kilichoniuma zaidi ni baba mkwe. Kila akiniona na kompyuta alizungukia nyuma, mlango wa jikoni, asije akanisimamisha tena, mzee wa watu, kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Nilimchukia yule mhadhiri kila mlango ule ulipolia.

Nilihitimu, na baadaye chuo hicho hicho kikaniajiri kitengo cha teknolojia ya kufundishia. Kazi yangu ni kuwapima wahadhiri wanaofundisha kwa mtandao, na asiyefaulu hapandi cheo. Mhadhiri yule alikuwa anautaka ukuu wa idara kwa udi na uvumba. Hakunikumbuka hata sura. Aliniita dada wa kompyuta.

Ratiba niliipanga mimi. Nilimpa Jumapili mchana, afundishie nyumbani kwake, kwa kuwa wanafunzi wetu wengi wana nafasi siku hiyo. Nilijua pia kwamba anaishi na mama yake mzazi, na kwamba bibi huyo hurudi kutoka kanisani saa zile zile. Nikampigia simu kumkumbusha kwamba kamera inahesabu kila anapoinuka na kipaza sauti kinanasa kila neno lake lisilo la somo.

"Ni mfumo ule ule unaousifia, daktari," nikamwambia.

Mama aliingia katikati ya somo na kitenge chake cha kanisani, fimbo mkononi. Akasimama mlangoni akingoja salamu. Tulimwona sote, darasa zima, vijana wa Katesh mpaka Yaeda Chini. Mhadhiri alimtupia jicho akarudi kwenye slaidi.

"Mwanangu?" mama akasema.

Mhadhiri akapunga mkono bila kugeuka, kama anayefukuza kuku, akaendelea kusoma. Mama akageuka, akatoka taratibu. Wanafunzi waliokuwa wakiandika maswali kwa fujo hawakuandika tena kitu mpaka somo likaisha.

Nilimpa alama zote. Hakuwa na alama nyekundu hata moja, na ripoti yangu ilisema hivyo. Cheo akakipata, akaja kunishukuru.

Rekodi ya somo lile ninayo. Kila mwaka wahadhiri wapya wakija nawaonyesha kama somo la mfano, na yeye, mkuu wa idara, anakaa mstari wa mbele. Hawezi kuniambia niifute, kwa sababu ndiyo iliyompandisha. Ikifika pale mama anaposimama mlangoni, naongeza sauti.