Simu ya Daktari na Filamu ya Mama Agnès

Falonne Ntumba alizaliwa mtaa wa Katuba, katika nyumba ambamo hakuna redio iliyosalimika kufunguliwa. Baba yake, Antoine, alikuwa fundi, na binti alijua kushika bisibisi kabla hajajua kusuka nywele. Basi hakuna aliyeshangaa alipokwenda kusomea mitandao ya kompyuta, wala alipopata kazi katika kliniki moja ya watu binafsi mjini Lubumbashi. Kilichowashangaza nyumbani ni jinsi alivyoipenda. Mezani alisimulia habari za nyaya kwa raha ileile ambayo dada zake walisimulia harusi.

Mwaka jana kliniki ilileta simu mpya, zinazopitisha sauti kwenye mtandao wa kompyuta. Docteur Sylvain, daktari wa watoto, alifurahi sana, maana sasa angeweza kumwomba ushauri mwenzake wa Kolwezi wakati wowote. Furaha haikufika mbali. Kila alipoanza kueleza hali ya mgonjwa, sauti ilikatika vipande vipande.

"Falonne, mwenzangu anaeleza dawa, miye nasikia 'pa, pa, pa' tu," alilalamika. "Fanya kitu, mutoto iko na homa!"

Falonne akaingia kwenye swichi, lile sanduku ambamo nyaya zote za kliniki hukutana. Kumbe kila kitu kilipangwa mstari mmoja: picha nzito za eksirei, barua pepe, sauti za watu, vyote vikisukumana kwenye mlango uleule. Picha ikichelewa kidogo hakuna anayejua. Neno likichelewa, mazungumzo yameharibika. Akaamua kuipa sauti njia ya mbele. Akaiagiza swichi: chochote kinachoingia kwenye tundu lenye simu kipite kwanza. Akaenda kula, moyo mweupe.

Asubuhi Mama Agnès wa mapokezi akamkumbatia mlangoni.

"Falonne mwanangu, Mungu akubariki! Filamu yangu haikatike tena hata kidogo."

"Filamu gani, mama?"

"Ile ya kwenye ordinateur," akasema, akiinyooshea kidole kompyuta yake. "Si weye njo ulitengeneza?"

Kabla hajajibu, Docteur Sylvain akatokea kwenye korido, uso umekunjamana. "Leo ni mubaya kupita jana!"

Falonne akapiga magoti chini ya meza ya mapokezi. Kompyuta ya Mama Agnès haikuwa na tundu lake ukutani. Waya wake ulichomekwa nyuma ya simu, na simu ndiyo iliyochomekwa ukutani. Swichi ilikuwa imetii agizo barabara. Wapenzi wa kwenye filamu walikuwa wanapitishwa mbele pamoja na simu za wagonjwa, kwa heshima zote. Falonne alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akaona haya, maana mtoto mwenye homa, aliyelazwa tangu jana, alikuwa bado anasubiri dawa.

"Ikate hiyo filamu kabisa," daktari akasema.

"Hapana, Docteur. Itapita, lakini nyuma ya vyote."

Safari hii aliiagiza swichi itazame kinachopita, si tundu kilikotoka. Sauti ya simu itambuliwe kwa alama ambayo simu yenyewe huiweka. Alama zitokazo kwenye kompyuta zifutwe, kwa kuwa kompyuta yoyote yaweza kujipa cheo. Tena akaiwekea hata sauti kipimo, isije ikabana wengine wote.

Daktari akapiga Kolwezi palepale, filamu ikiendelea mezani kwa makusudi. Sauti ya mwenzake ikaja safi, neno kwa neno. Dawa ikaandikwa, mama wa mtoto akashusha pumzi. Kwenye skrini, bwana arusi aliganda mdomo wazi.

"Yee! Na eksirei nayo inanipita?" Mama Agnès akauliza.

"Nayo pia, mama."

"Ile sasa ni bubaya!"

Habari zikaenea. Mhasibu akaja, mkuu wa maabara akaja, hata mpishi, kila mmoja akitaka awekwe mbele. Falonne aliwakalisha akawauliza swali moja: "Ukichelewa kidogo, ni nani ataumia?" Mhasibu na mpishi wakafikiri, wakaondoka wenyewe. Mkuu wa maabara alikaa, na ubishi wao uliendelea mpaka chai ikapoa, maana naye alikuwa na hoja: majibu ya damu yakichelewa, mgonjwa naye huchelewa kutibiwa.