Jumapili Koko Aliyokaa Nimchore

Jumamosi iliyopita nilitia kaye yangu, daftari la kuchorea, na boksi ya rangi ndani ya mfuko, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Majengo, kwenye avenue tulikokulia. Nilikuwa nimejiambia kwamba sasa mkono wangu umekomaa kidogo, basi nitakaa mbele ya jiko la koko, bibi yangu, nilichore polepole kwa rangi ya maji, nisisahau hata moshi uliopaka dari. Wewe unayeijua Goma unacheka tayari. Mahali pa jiko pamesimama ukuta mrefu wa matofali, vipande vya chupa juu yake, na mlango mkubwa wa chuma uliopakwa kijani. Hata hivyo nikakaa juu ya jiwe la volkano upande wa pili wa barabara, nikafungua kaye. Sikufikisha mstari wa tatu, sentineli, mlinzi wa mlango ule, akatoka.

"Mama, unaandika nini hapa?"

"Siandiki, papa. Nachora."

"Unachora nyumba ya batu?"

"Nachora jiko ya koko wangu. Ilikuwa hapa."

Akaangalia ukuta, akaniangalia mimi, akaangalia ukuta tena.

"Hapa hakuna jiko, mama. Enda chora ziwa. Batu bote banachoraka ziwa."

Nikafunga kaye, nikaondoka na hasira. Si kwake yule muzee, alikuwa anafanya kazi yake. Ni hasira ya zamani, nimetembea nayo tangu nikiwa na miaka kumi, na kila ninaposhika burashi inaamka na kukaa pembeni yangu. Ngoja nikuambie ilikotoka.

Koko alikuwa mama ya mama yangu, mtu wa Kalengera, kule kwenye barabara ya Rutshuru. Alikuja kukaa nasi mjini wakati vita vilipomtoa shambani, akakuta nyumba yetu ya kwanza. Ile ikaliwa na volkano pamoja na vitanda, sufuria na picha zote za familia. Ndiyo tukahamia Majengo, nyumba ya mbao juu ya mawe meusi, na koko akajijengea jiko lake peke yake nyuma ya nyumba, manjanja, yaani mabati, ya kutu juu na mbao za kuokota pande tatu. Upande wa nne ulikuwa wazi, na hapo ndipo nilipokaa.

Asubuhi kwetu ilikuwa na sauti zake. Kwanza magurudumu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, yakigonga mawe, yakiteremka na makala ya kupikia kutoka upande wa Munigi. Halafu jirani yetu, mama muuza samaki, akipita na beseni lake kichwani, "Vitshumbi! Vitshumbi ya chumvi!", na harufu ya samaki ikimtangulia hatua kumi. Halafu mchi wa koko ndani ya kinu, akitwanga sombe, majani ya muhogo, tu, tu, tu, bila kuharakisha. Mpaka leo nikisikia mtu anatwanga sombe kwa haraka naona anakosea.

Rangi nilipewa na mwalimu wetu wa darasa la nne. Huyo alikuwa mtu mrefu, mwenye koti moja, aliyechora ramani ya Kongo ubaoni kwa chaki za rangi, vizuri hata mwalimu wa darasa la tano akakataa isifutwe. Mwisho wa mwaka wa shule aliniita mezani kwake, akanipa kiboksi cha bati chenye rangi sita za maji na burashi iliyobaki na nywele chache. Haikuwa mpya. Bluu ilikuwa imelika mpaka bati linaonekana katikati, kwa sababu mwalimu alipenda kuchora maziwa. Akaniambia: "Usichore vile unafikiri, chora vile unaona. Kila siku kitu kimoja, hata kama ni kifuniko ya sufuria." Nikaenda nyumbani nikachora kifuniko cha sufuria.

Kaye yenyewe ilikuwa kaye ya shule, ya miraba. Usiombe kupaka rangi ya maji kwenye kaye ya miraba. Karatasi inakunywa, inavimba, inajikunja kama jani la ndizi kwenye moto, na ng'ombe uliyemchora leo anatokea nyuma, juu ya mbuzi wa jana. Na ile miraba haifichiki. Kila mtu niliyemchora alionekana yuko gerezani. Nilikuwa nalia kwa hasira, napasua ukurasa, kisha najutia ukurasa. Lakini niliendelea. Nilichora mbabula ya makaa, ufagio, viatu vya papa mlangoni, mateke, yaani magimbi, kwenye sahani, majani ya lenga-lenga yaliyofungwa kwa kamba ya mgomba.

Na nilimchora koko. Nilimchora akiinama juu ya moto, nilimchora akipepeta maharagi, nilimchora akienda kumwaga maji machafu. Kila mara alikuwa amenipa mgongo, au upande, au kitambaa cha kichwa kimemfunika. Nikimwomba ageuke, akae kidogo tu, alijibu bila kuacha kazi:

"Nikikaa, sufuria nayo itakaa. Halafu mutakula karatasi?"

Si kwamba aliogopa kuchorwa, kama wazee wengine. Alikuwa hajui kukaa, basi. Hata kanisani alisimama nyuma, karibu na mlango.

Sasa, jambo la maji. Mvua ya Goma inashuka na majivu ya mlima. Tulikinga kwenye pipa, tukafulia na kuoshea vyombo, lakini ukiweka burashi humo rangi yote inakuwa ya kijivu. Nyekundu inakuwa matope. Maji safi yalitoka mbali, kwa bidoni, madumu ya njano, na koko alijua kila bidoni imefikia wapi kwa kuigonga kwa kidole tu. Maji ya kunywa yalikuwa ya kunywa. Kwa hiyo picha zangu zote za miezi ile zina anga la kijivu, nyanya za kijivu, nguo za kijivu. Nilimwambia mwalimu nikikutana naye njiani, akacheka, akasema mji wetu ni wa kijivu kweli. Mimi sikucheka. Mimi nilitaka bluu.

Jumamosi moja nikaiba. Koko alikuwa amekwenda sokoni. Nilimimina maji ya kunywa, bakuli zima, nikaosha burashi mara tatu, nikakwangua bluu yote iliyobaki kwenye kiboksi, hata ile ya pembeni, nikaikoroga kwenye kisahani. Nilitaka kuchora ziwa jinsi linavyoonekana saa nne asubuhi ukiwa umesimama juu, mbele ya shule yetu. Ilikuwa bluu ya kweli. Niliiangalia bila hata kuigusa. Nikaingia nyumbani kutafuta ukurasa ulio mzuri, usiojikunja.

Niliporudi, koko alikuwa amesimama pale, kapu bado mkononi. Aligonga bidoni kwa kidole. Akaangalia bakuli.

"Weye mutoto, maji ya kunywa unaoshea majani ya kaye?"

"Koko, kidogo tu..."

"Kidogo! Mama yako atakunywa nini akirudi? Atakunywa hii?"

Akachukua bakuli na kisahani, vyote viwili, akamwaga juu ya mawe. Ile bluu ilikimbia kati ya mawe meusi, ikapotea. Haikuchukua hata muda wa kukohoa. Sidhani alijua ni nini alichomwaga. Kwake yalikuwa maji machafu. Nilipiga kelele ambazo sikuwahi kumpigia mtu mkubwa. Nilimwambia mambo. Nilimwambia arudi kwao Kalengera. Mama aliporudi nilichapwa, na ilikuwa haki, lakini siku ile sikujua haki, nilijua bluu tu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tulitoka kanisani, mimi nikatangulia, nikakaa kwenye upande wazi wa jiko na mdomo wangu mrefu. Koko akaja nyuma yangu. Hakwenda kubadilisha nguo. Alikuwa na pagne yake, kitenge cha kanisa, amejifunga kitambaa kipya, uso ameupaka mafuta mpaka unang'aa. Akavuta kibao cha kukalia, akakiweka mbele yangu kabisa, penye mwanga, akakaa. Mikono juu ya magoti. Akaniangalia usoni.

"Eh, basi. Chora."

Nilijua maana yake. Hata mtoto wa miaka kumi anajua. Koko hakuwa na neno la kuomba msamaha, sijui kama katika lugha zake zote tatu alilitumia hata mara moja. Alikuwa na kibao kile, na kukaa.

"Rangi iliisha," nikasema.

"Yote?"

"Bluu iliisha."

"Mimi niko bluu?"

Nilikuwa na kaye mapajani. Nilikuwa na kahawia, nilikuwa na nyeusi, nilikuwa na penseli. Nikageuka, nikaangalia mawe.

Alingoja. Mama muuza samaki alipita akitoka kanisani, bila beseni siku hiyo, akashangaa kumwona koko amekaa mchana kweupe.

"Koko! Unangojea nani?"

"Nangojea fundi," koko akasema. "Fundi amekasirika."

Mama yule akacheka, akaenda zake. Koko akangoja tena. Nilisikia maharagi yanaanza kuchemka ndani ya jiko, kifuniko kikicheza. Niliwaza: akiniambia mara moja tena, moja tu, nitageuka. Hakuniambia. Baada ya muda nikasikia magoti yake yakilia, kisha kibao kikirudishwa mahali pake.

"Bon," akasema. "Maharagi itaungua."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku, hakuna nyingine. Wiki zilizofuata nilikuwa nimeshapoa, nikamwomba tena, lakini alikuwa amerudi kwenye hali yake, sufuria na mchi, na akasema nitamchora akirudi kutoka mavuno. Barabara ilikuwa imetulia kidogo, akapanda kwenda Kalengera kuvuna maharagi ya dada yake. Homa ikamkuta huko. Alizikwa huko huko. Mama alimfikia siku ya mwisho. Mimi sikumfikia.

Kwenye kilio, nyumbani Majengo, mjomba aliyekuja kutoka Bukavu aliuliza iko wapi picha ya kuweka mezani, watu wamwone wanayemlilia. Za zamani zilikwenda na volkano. Simu za kupiga picha zilikuwa za watu wachache, na koko hakukaa mbele ya yeyote. Ndipo mama akakumbuka.

"Huyu mutoto anamuchoraka kila siku. Leta kaye yako."

Nikaileta. Mjomba akaweka miwani, akaanza kufungua ukurasa mmoja mmoja, na wakubwa wote wamejipanga nyuma yake. Mgongo. Mgongo. Mkono na upawa. Kitambaa cha kichwa. Mgongo tena, wa kijivu, ndani ya miraba. Alifika mwisho wa kaye, akarudi mwanzo, kama mtu anayedhani ameruka ukurasa. Kisha akaniuliza, bila ukali, na bora angeniuliza kwa ukali:

"Uso uko wapi?"

Shangazi mmoja akasema niachwe, mimi ni mtoto. Nilikimbilia jikoni. Jiko lilikuwa baridi.

Mjomba hakushindwa. Alichukua kadi ya koko ya uchaguzi, ile yenye picha ndogo iliyo nyeusi kama chini ya sufuria, akampelekea fundi wa vibao, anayechora vichwa vya kunyoa kwenye milango ya vinyozi. Siku ya tatu picha ikaja, kubwa, ya mafuta, ndani ya fremu. Mwanamke mnene wa mashavu, ngozi imeng'arishwa, hereni za dhahabu, nyuma yake maua. Koko alikuwa mwembamba. Koko hakutoboa masikio. Lakini watu walikuwa wamechoka kulia mbele ya meza tupu. Wakasema, eh, kweli, ni yeye.

Leo nina katoni tatu za kaye chini ya kitanda, karatasi nzito, zisizo na miraba. Kila siku kitu kimoja. Nimechora wamama wanaouza sambaza, samaki wadogo, kando ya ziwa, wasukuma chukudu, wasichana wanaosukana nywele kwenye ngazi. Nawachora usoni, kwanza uso, kabla ya nguo, kabla ya chochote. Mtu akiniambia "nichore" hata kama mvua inaanza, nakaa. Watu wanasema nina subira. Si subira. Nimejaribu kumchora koko mara ngapi sijui. Mikono inakuja, shingo inakuja, nikifika kwenye uso burashi inasimama, au inachora mashavu ya yule fundi. Naipasua karatasi. Ndiyo maana nilikwenda Majengo, nikidhani nikiliona jiko, labda.

Jioni ya Jumamosi ile nilipita kwa mama. Siku hizi anakaa Katindo kwa kaka yangu, na picha ya fundi iko sebuleni, juu ya televisheni. Wajukuu wote wanaijua hiyo. Wanaipungia mkono wakienda shule, "Bye, koko." Jiko limekwenda, mama muuza samaki amekwenda, hata ile sauti ya kinu mtaani ni nadra, siku hizi sombe inasagwa kwa mashine. Nikakaa karibu na mama, alikuwa anachagua maharagi kwenye ungo.

"Mama, unakumbuka uso ya koko?"

"Si iko pale," akasema, akionyesha ukutani kwa kidevu.

"Hapana, mama. Ile ya kweli."

Akaacha kuchagua. Aliangalia picha muda mrefu, kisha maharagi, kisha mimi, na nikaona anatafuta, anatafuta kweli, na hapati.

"Ile ya kweli," akasema polepole, "mimi nilizania iko na weye."