Faili ya Sikuelewa

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilifundisha katika shule moja ya sekondari huko juu ya Mogogosiek, mahali ambapo ukifungua dirisha la mbele unaona chai, na ukifungua la nyuma unaona chai pia. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka huohuo. Nilifundisha Biolojia, lakini kwenye mahojiano nilikuwa nimetaja kwamba kazi yangu ya mwisho chuoni niliichapa kwa kompyuta, na kwa sababu hiyo nikakabidhiwa ufunguo wa chumba chenye kompyuta nne kuukuu na printa moja, zawadi ya kanisa fulani la ng'ambo. Skrini zake zilikuwa nyeusi, maandishi ya kijani. Mvua ikinyesha stima ilipotea, na mvua ilinyesha karibu kila alasiri.

Sikuwa mwalimu wa serikali. Niliajiriwa na bodi ya shule kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja, na kila asubuhi nililikumbuka hilo kabla sijakumbuka ni siku gani.

Niliishi katika chumba kimoja nyuma ya maktaba. Kwetu ni upande wa ziwa, na kwa lugha ya pale nilijua kusema chamge na kujibu chamge mising. Baada ya hapo maneno yaliniishia. Aliyenisalimu angetabasamu na kwenda zake, nami ningebaki njiani nikijiuliza kama nimetamka vibaya, ama ana haraka, ama ameona kwamba sina la kuongeza. Walimu wenzangu hawakuwa watu wabaya. Tulianza mazungumzo kwa Kiswahili, chai ya maziwa ikizunguka, lakini hadithi ilipofika mahali patamu waliingia Kipsigis bila kujua, na kicheko kilipolipuka nami nilicheka, nimechelewa kidogo. Kisha nilikaa nikiwaza kama kuna aliyeona kwamba nimechelewa.

Wazo la faili lilitokana na ukimya wa darasani. Nilipouliza Kidato cha Pili kama wameelewa, wote waliitikia, "Ndiyo, madam," kama wanavyoitikia kanisani. Mtihani ulipokuja ikaonekana hawakuelewa kitu. Nilifikiri labda ninasema haraka mno. Halafu nikafikiri labda ninasema polepole mno hata wanasinzia. Mwishowe nikampa kila mwanafunzi disketi yake, na ndani yake faili mbili. Ya kwanza iliitwa Kazi, na humo aliweka kazi aliyoona ni nzuri. Ya pili iliitwa Sikuelewa. Kila Jumatatu alitakiwa kuandika humo jambo ambalo halikumwingia wiki iliyopita, na baadaye, likimwingia, aandike chini yake limemwingiaje.

"Makosa yetu yatasomwa na nani?" akauliza kijana mmoja wa mbele.

"Na mimi peke yangu."

"Na kiboko je, madam?"

Darasa likacheka. Nikawaambia hakuna kiboko.

"Tutaona," akasema msichana aliyekaa nyuma, kiranja wa darasa.

Wiki za kwanza waliandika, "Nimeelewa yote, asante." Kisha mmoja akathubutu: "Sielewi kwa nini damu inarudi kwa moyo na ilikuwa imeshatoka." Mwingine: "Nilielewa nikiwa darasani. Nilipofika nyumbani ng'ombe alikuwa anazaa na nikasahau." Kiranja aliandika kwamba huwa haulizi kwa sababu akiuliza, wengine wataona kumbe hata yeye hajui. Nilijibu kila mmoja chini ya maneno yake, na wao wakanijibu chini ya yangu. Jumamosi, wenzangu walipokwenda makwao, nilifungua chumba kile nikasoma mpaka stima ikapotea. Sijui niseme vipi bila kuonekana wa kuhurumiwa, lakini hayo ndiyo yalikuwa maongezi yangu ya wiki.

Siku moja yule mwenye ng'ombe aliniandikia: "Na wewe madam, ni kitu gani huelewi?" Swali hilo lilinisumbua siku kadhaa. Nilifikiria jibu la kisayansi, nikafikiria kulipuuza. Hatimaye niliandika kwamba sielewi jinsi watu wanavyoanza kuongea na mtu wasiyemjua. Jumatatu iliyofuata jibu lake lilikuwa likinisubiri: "Anza na ng'ombe." Nikajaribu. Nilimuuliza mwalimu wa Hesabu, ambaye mlango wake ulitazamana na wangu, ng'ombe wake wanaendeleaje. Alisema hana ng'ombe. Nililiandika hilo pia, na wiki nzima kijana yule hakuweza kunitazama bila kujiziba mdomo.

Muhula wa tatu ulipokaribia kuisha, mwalimu mkuu aliniita. "Madam, bodi inataka hicho chumba. Kidato cha Kwanza mwakani ni wengi, na hatuna pa kuwaweka. Wanakuja Ijumaa. Waonyeshe kwamba hizo mashine zinabadilisha watoto, la sivyo chumba kitaenda, na sitakuwa na sababu ya kukutetea wewe. Biolojia serikali imeahidi kuleta mtu."

Niliona njia moja tu. Ningefungua Sikuelewa ya yule wa damu, niwaonyeshe swali lake la kwanza, kisha maelezo yake ya juzi, ambamo alieleza safari yote ya damu kwa maneno yake mwenyewe, vizuri kuliko nilivyoeleza mimi. Nikaliambia darasa, "Ijumaa wazee wa bodi watakuja kuangalia faili zenu." Sikusema zaidi. Niliogopa nikisema mengi nitawaambukiza wasiwasi wangu. Alhamisi nilikwenda Kericho kutafuta utepe wa printa, nikamwachia kiranja ufunguo ili wamalizie kuchapa.

Ijumaa wakaja mwenyekiti, aliyewahi kuwa mhasibu katika kiwanda cha chai, na mama mmoja mwanabodi, mkulima. Mwalimu mkuu alisimama nyuma yao. Kiranja alibaki mlangoni, sketi imepigwa pasi, iwapo kutahitajika mtu wa kutumwa. Niliweka disketi ya yule wa damu, nikafungua Sikuelewa. Ilikuwa tupu. Nikaweka ya kijana wa ng'ombe. Tupu. Nikaweka ya kiranja mwenyewe. Tupu pia.

Nilimwendea mlangoni kana kwamba ninatafuta swichi ya taa.

"Maandishi yameenda wapi?" nikamnong'oneza.

"Tulichambua, madam," akajibu kwa sauti ya chini, akitabasamu. "Jana, ukiwa Kericho. Tulitoa zote mbaya."

Kila Jumamosi nilipokwenda sokoni nilipita kituo cha kununua majani ya chai, na niliona wanavyofanya. Kabla ya kufika kwenye mizani, watu hutandaza magunia chini, wakamwaga majani yao na kuyachambua, wakitupa lililokomaa na kila kijiti, wabaki na vikonyo vyenye majani mawili na chipukizi tu. Karani huzamisha mkono mpaka chini ya kikapu, na akigusa majani magumu huwarudisha nyumbani na mzigo wote. Wanafunzi wangu walikuwa wamefanya kazi hiyo na mama zao tangu wakiwa wadogo. Mtu akija kukagua mzigo wako, unachambua kwanza. Waliposikia wazee wanakuja kuangalia, walifanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa vizuri kule angefanya, na walikifanya kwa ajili yangu.

Nilirudi kwenye kiti, nikafungua Kazi. Wageni wakasoma. Michoro ya moyo ilikuwa imepangwa, kila neno mahali pake.

"Safi," akasema mama. "Safi kabisa."

"Safi sana," akasema mwenyekiti. "Lakini nielimishe, madam. Mtoto huyu angeandika hii kwa daftari, tofauti ingekuwa gani?"

"Kulikuwa na faili nyingine," nikasema. "Ya maswali yao."

"Iko wapi tuione?"

Tabasamu la kiranja lilianza kutoweka. Aliangalia disketi mkononi mwangu, kisha akaniangalia mimi. Nikawaza kwamba nikisema imefutwa watauliza imefutwa na nani, na mwalimu mkuu atamgeukia kiranja pale mlangoni. Nikawaza kwamba nisiposema nimekwisha. Mwalimu mkuu akakohoa.

"Bado haijawa tayari," nikasema.

"Basi," akasema mwenyekiti, bila ubaya wowote, na akasimama kupima ukuta kwa macho, akimuuliza mama madawati mangapi yataingia.

Kabla ya chakula cha mchana mwalimu mkuu alinipata karibu na tangi la maji akaniambia yaliyoamuliwa: chumba kimekwenda, na mkataba wangu unaishia muhula huu. Alinishika bega. Nilimshukuru, sijui kwa lipi.

Darasa lilikuwa likinisubiri, wamesongamana kwenye mlango wa chumba cha kompyuta.

"Walipenda, madam?" akauliza kiranja.

"Walisema ni safi sana."

"Hata ya huyu?" Akamsukuma kijana wa ng'ombe. "Huyu ndiye alikuwa na majani magumu kuliko sisi wote. Tulitupa karibu gunia."

"Wewe nyamaza, yako tulichoka kutupa," akasema kijana.

Walicheka, nami nikacheka nao, na safari hii sikuchelewa.

Kisha kiranja akauliza, "Sasa kwa vile wameenda, tunaweza kuandika zile mbaya tena?"

Nikawaambia waandike. Waliketi wawili wawili kwa zamu, wakapiga vitufe alasiri yote, na siku hiyo mvua ilichelewa. Sikusimama nyuma ya mtu. Nilijiambia nitasoma Jumamosi, kama kawaida yangu. Waliponikabidhi disketi, kijana wa ng'ombe alisema yake niisome ya kwanza, kuna swali anataka nilijibu kabla ya kufunga shule.

Jumamosi nilipofika, fundi alikuwa ameshatoa mashine na kuzirundika stoo chini ya turubai, na madawati yalikuwa yakiingia. Nikasimama pembeni kuyapisha. Siku tulipofunga niliondoka na disketi zote ndani ya sweta, katikati ya mkoba ambapo hazingevunjika. Nyumbani kwetu hapakuwa na kompyuta. Hata stima haikuwa imefika.