Kitabu cha Jeneza

Wasomaji wenzangu, mmenichosha. Kila tukikutana ni lile lile: "Mwalimu, tutajie kitabu cha kuchekesha." Haya, nitawatajia. Kinachekesha kuliko vyote nilivyowahi kusoma, na kipo sandukuni kwangu hadi leo. Lakini mkishasikia kwa nini nimekificha miaka yote hii, msije mkaniambia sikuwaonya.

Jina lake silijui. Nilikikuta Kisarawe kwa muuza karanga mmoja, jalada halipo, na kurasa za mwanzo ameshafungia karanga. Nilimgombeza palepale, mtu mzima na akili zake anachana kitabu! Kisha nikakinunua, na karanga juu. Kijijini kwetu, upande wa Janga, nilikuwa nafundisha kisomo cha watu wazima, nami nilikuwa nimechoka kuwasomesha watu habari za mbolea na vyoo. Darasani tukakiita Kitabu cha Jeneza.

Wezi watano wanaiba kasha la tajiri mchoyo. Wanalitia kwenye jeneza, wanalifunika kanga, wanatoka nalo mchana kweupe kama wafiwa. Sasa hapo ndipo utamu ulipo. Wamesahau kwamba jeneza halipitwi. Kila wanayekutana naye njiani anatia bega. Hatua mia tu, wamekuwa watu thelathini. Bibi mmoja anauliza aliyekufa ni nani: mwizi wa kwanza anasema shangazi, wa pili anasema babu, wa tatu kashikwa na kwikwi. Mnene wao anataka kukimbia, lakini kuna mtu amemng'ang'ania mkono anampa pole. Mpaka makaburini! Kaburi linachimbwa, wezi wanalia machozi ya kweli wakitazama mali ikifukiwa, na tajiri mwenyewe yupo pale anatupia udongo. Jamani! Watu walikuwa wanashika mbavu.

Aliyekipenda kuliko wote ni mgambo mmoja, baba wa watoto wanne, aliyeingia darasani hajui a wala be. Nilimpa akae nacho nyumbani. "Soma hiki," nikamwambia, "utanishukuru." Alikimaliza kwa kufuata mistari na kidole, akakirudia. Kilikuwa kitabu cha kwanza alichokisoma maishani mwake, nami nikajisifu kila barazani.

Ilikuwa miaka ile ya kuhangaikia sukari na sabuni. Walanguzi walikuwa wakipitisha vitu kwa ujanja wa kila namna, kwa hiyo mgambo wakaweka kizuizi cha mti njia panda, wakaambiwa wapekue kila mzigo.

Akafa mama wa jirani yangu. Jirani huyo alikuwa fundi wa kuezeka makuti, na alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu. Mama yake, mtu wa Kisarawe, alikuwa na haya za kale. Miaka yote niliyoingia nyumba ile sikuwahi kumwona uso. Nilikuwa nampa shikamoo, marahaba inatoka nyuma ya pazia. Tulimswalia baada ya adhuhuri, tukambeba. Mimi nilikuwa bega la mbele.

Pale kizuizini mti haukuinuka vizuri, ikabidi tulishushe jeneza usawa wa kiuno tupite chini yake. Mgambo wengine walisogea kando, mmoja akaja kutia bega. Yule mwanafunzi wangu akanitazama mimi. "Mwalimu," akasema, "hebu tuone."

Nilimwelewa mara moja. Nilimwona anavyobana midomo, nikajua yupo ukurasa gani. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Si kicheko cha sauti, ni pumzi tu iliyonitoka puani. Naye akaona kumbe amepatia. Kabla mtu hajasema astaghfirullah, ameshainua kanga na kuingiza mkono.

Kanga ikaanguka vumbini. Fundo la sanda upande wa miguuni likafunguka, na miguu ya mama yule, iliyooshwa asubuhi ileile, ikawa wazi mbele ya wanaume wote wa kijiji. Mgambo alikuwa ameushika mguu mmoja. Hakuuachia haraka. Nadhani alishindwa.

Hakuna aliyepiga kelele. Laiti wangepiga! Rafiki yangu aliokota kanga, akaikung'uta, akamfunika mama yake taratibu, akasema, "Twendeni."

Kesho yake mgambo alinirudishia kitabu, kimefungwa kwenye gazeti. Darasani hakutia mguu tena. Kijiji kizima kikamlaumu yeye, na mimi nikanyamaza. Niliacha mtu abebe lawama ya kicheko changu. Tangu hapo naisikia ile pumzi. Niwe nakunywa chai, niwe nimesimama kwenye swala, naisikia nyuma ya sikio langu, karibu kabisa. Nikigeuka hakuna mtu. Mke wangu alidhani nina mafua yasiyopona, akanichemshia majani weee, hayakusaidia kitu.

Arobaini ilipopita nikaona siwezi tena. Mimi na rafiki yangu tulikuwa tunateka maji kisima kimoja, tunapeana salamu kama kawaida, na kila salamu yake ilikuwa inanichoma. Nikamfuata uani kwake, nikamkuta anashona makuti. Nikamweleza yote: kitabu, mgambo, kicheko. Nikamwambia asiponisamehe nitahama, bora nikaanze upya Visiga huko nisikojulikana.

Aliendelea kushona mpaka kuti likaisha.

"Nilikusikia," akasema. "Nilikuwa bega la nyuma yako."

Nikalia. Ndiyo, nililia, mwalimu mzima, mbele ya watoto wake. Akaniacha nikalia mpaka nikatosheka, akaniletea maji kwenye kata.

"Mimi nimekusamehe, Mwalimu," akasema. "Nimekusamehe kwa moyo wote. Ila aliyefunuliwa si mimi."